Kalankoe yako haidai mbolea, inadai usiku

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Desemba iliyopita tulihamia nyumba yetu Tabata, wifi yangu akaniletea zawadi ya ua la chungu. Ni lile la majani manene yanayong'aa, pembeni yana meno meno, na maua madogo mekundu yamejaa juu kama kofia. Alilinunua kwa wauza maua wa kando ya barabara, wakamwambia ni kalankoe. Lilikaa na maua hadi Februari, yakakauka, na tangu hapo ni majani tu. Nalimwagilia asubuhi na jioni. Nimeweka samadi, na mwezi uliopita jirani alinishauri urea, nikaweka kijiko kimoja. Sasa shina limerefuka, majani ya chini yanageuka njano na kuanguka. Liko barazani karibu na mlango, chini ya taa. Wifi akija anauliza ua lake liko wapi, nami naona aibu. Je, ua hili huchanua mara moja tu? Nilitupe?"

Marahaba, mwanangu. Usilitupe. Kalankoe haichanui mara moja ikawa basi. Ikitunzwa huchanua mwaka hadi mwaka, na hata shina mama likizeeka, vipande vyake huendeleza ukoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama kwenye maji na urea, kwa sababu hayo yanaweza kuliua ua lako wiki hii hii. Mara ya pili nikaona maneno matatu uliyoyaandika kama jambo la kupita tu: "chini ya taa." Hapo ndipo maua yako yalipopotelea.

Tuanze na kinachoua, kisha tutafika kwenye taa.

Leo, kabla hujafanya jingine lolote, utoe mmea kwenye chungu. Usiuvute kwa shina. Tandaza gazeti, weka kiganja juu ya chungu, shina lipite katikati ya vidole viwili, pindua, halafu gonga kitako mara mbili tatu. Utatoka na donge lake zima. Sasa angalia mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ukiivuta inashikilia. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka maji yaliyolala, na ukiibana kwa kucha ganda lake linavuka kama soksi, kinabaki kiuzi chembamba mkononi. Donge likitoa maji ukilikamua, umeshapata sababu ya majani ya njano.

Iliyooza yote ikate kwa mkasi safi. Kisha angalia pale shina linapoingia kwenye udongo. Likiwa gumu na la kijani, mmea unapona. Likiwa limelainika na ndani limekuwa jeusi, usihangaike na mizizi tena. Kata sehemu ya juu iliyo nzima uipande upya, nitakueleza namna hapo chini.

Kumwagilia mara mbili kwa siku ni mapenzi, naelewa, na mchicha ungekushukuru. Kalankoe ni mmea wa namna nyingine. Lile jani nene ndilo tangi lake la maji, na hata kupumua inapumua kwa kubana matumizi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana, ivute hewa ya ukaa huku maji yakitoka kama mvuke. Kalankoe hufungua usiku, wakati hewa ni baridi na maji hayapotei sana. Hewa ya ukaa inayoivuta huihifadhi ndani ya jani kama asidi, na mchana jua linapowaka huitoa taratibu itengenezee chakula huku milango imefungwa. Ndiyo maana jani la mmea wa jamii hii huwa chachu alfajiri na jioni uchachu umekwisha. Benjamin Heyne aliliona jambo hilo akiwa India, kwenye mmea ndugu wa kalankoe yako, akaandika barua iliyochapishwa London mwaka 1815. Yeye alionja. Wewe usionje, sababu inakuja.

Kwa hiyo mmea unaotumia maji kidogo namna hiyo, ukiumwagilia asubuhi na jioni, udongo haupati hata siku moja ya kukauka, hewa inaisha chini, mizizi inakufa. Na hapa kuna mtego unaowapata wengi: mizizi ikifa, majani yanalegea kwa kiu, mwenye ua anaona yamelegea, anaongeza maji. Shika jani la katikati kwa kidole gumba na cha shahada ulibonyeze taratibu. Likiwa gumu kama kipande cha tango, lina maji, liache. Likiwa linakunjika kama ulimi na udongo chini ni mkavu, lina kiu. Likiwa laini na udongo ni mbichi, tatizo ni mizizi. Kwa Dar, msimu wa joto mara moja kwa wiki inatosha, na kipupwe hata siku kumi au kumi na nne zinapita. Lakini usifuate kalenda yangu. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha acha.

Maji hayo yanayotoka chini yamwage. Nilipokuwa naanza kazi hii nilipoteza vyungu kumi na viwili vya kalankoe katika masika moja, na havikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimeviwekea visahani vizuri vya kuzuia matope sakafuni, mvua ikavijaza, nami nikaviacha hivyo kwa wiki tatu. Bado naikumbuka ile harufu nilipokuja kuvipindua. Tena kisahani chenye maji ndipo anapotaga mbu wa dengue, na sisi wa Dar tuliugua dengue mwaka 2014, ikaturudia tena 2019. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutoacha maji chini ya chungu chochote ndani ya boma lenye watoto.

Udongo: changanya sehemu mbili za udongo wa kawaida wa bustani, sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mtoni, na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu tena. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Ukipata makumbi ya nazi yaliyosagwa, loweka, yasuuze vizuri, yaingize badala ya nusu ya ule udongo. Shika konzi ya mchanganyiko ukiwa na unyevu, ubane, ufungue mkono. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Ukimeguka wenyewe, uko sawa. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kuta zake hupitisha hewa, na kiwe kidogo. Cha upana wa sentimita 12 kinatosha. Tundu la chini likiwa dogo kuliko kidole chako cha mwisho, lipanue.

Na urea. Jirani yako alikushauri kwa nia njema, lakini urea ni naitrojeni karibu nusu ya uzito wake, na kazi ya naitrojeni ni majani na shina. Kijiko kizima kwenye kichungu kama hicho ni kingi mno, kinaunguza ncha za mizizi, na mmea unaopona hukimbilia kurefuka. Udongo wote wa zamani utupe, usiurudishe. Mmea ukishashika, baada ya mwezi mmoja hivi, mpe NPK ya kawaida, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nusu kijiko cha chai kwenye maji lita tano, mara moja kwa mwezi. Zaidi ya hapo haihitaji.

Haya, twende kwenye taa, kwa sababu hata ukirekebisha maji na udongo na mbolea, kalankoe yako itanenepa, itapendeza, na bado haitachanua.

Kalankoe hii, ambayo wataalamu wa mimea huiita Kalanchoe blossfeldiana, asili yake ni Madagaska, kwenye milima ya Tsaratanana kule kaskazini. Mfaransa Perrier de la Bâthie aliikuta huko mwaka 1924. Mwaka 1932 Robert Blossfeld, Mjerumani mfanyabiashara wa mbegu, akaiingiza Potsdam, na jina la pili la mmea limetokana naye. Wakulima wa Ulaya waliipenda mara moja, na leo Uholanzi na Denmark huitoa kwa wingi sana kwa ajili ya madirisha ya nyumba zao. Ila kuichanua haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu kalankoe ni mmea unaopima usiku. Ikipata giza refu lisilokatika, usiku baada ya usiku, majani hutambua kwamba msimu umefika, hupeleka habari kwenye ncha za matawi, na ncha zinaacha kutengeneza majani zinaanza kutengeneza maua. Usiku ukiwa mfupi, ncha zinaendelea na majani milele. Mwezi Juni mchana wa Uholanzi unapita saa 16. Kwa hiyo mkulima wa kule hufunika banda zima kwa vitambaa vyeusi kila jioni ili apate maua wakati anaoutaka. Hata lile ua uliloletewa Desemba, mwezi wenye usiku mfupi kuliko yote kwetu, yaelekea mkuzaji alilichanua kwa njia hiyo hiyo.

Neno muhimu hapo ni lisilokatika. Kinachopimwa na mmea ni giza lenyewe, na giza likikatwa katikati, hata kwa mwanga wa muda mfupi, mmea unahesabu kama umepata vipande viwili vya usiku mfupi. Ndani ya majani kuna chembe za rangi ziitwazo fitokromu ambazo huamshwa na mwanga mwekundu, na mwanga huo umo kwenye taa zetu nyingi, hasa zile za njano. Taa haihitaji kuwa kali kama jua. Ile inayokuwezesha kuona tundu la kufuli saa nane usiku inatosha kuwaambia majani kwamba bado hakujawa usiku.

Nyumba nyingi za Dar taa ya baraza huwashwa magharibi ikazimwa alfajiri, na naamini kwako ni hivyo hivyo. Ua lako halijaona usiku tangu Desemba. Watu wengi huniletea kalankoe za namna hii, zimestawi majani, wameshanunua mbolea tatu nne, na nikiuliza zinakaa wapi naambiwa barazani, dukani chini ya taa, au sebuleni mbele ya televisheni.

Sitakwambia uzime taa ya usalama. Vibaka wapo, na usingizi wa nyumba yako ni muhimu kuliko ua. Hamisha chungu. Tafuta upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na usiku hauna taa yako wala ya jirani wala ya barabara. Toka mwenyewe saa tatu usiku, simama hapo dakika tano macho yazoee, utazame kiganja chako. Ukiona mistari ya kiganja waziwazi, tafuta mahali pengine.

Kama hakuna mahali penye giza, tumia boksi. Chukua boksi la kartoni lililo refu kuliko mmea kwa kiganja kimoja. Kabla ya kulitumia, liinue mchana kweupe ulivae kichwani. Utaona nyota ndogo ndogo kwenye kona na mahali pa kushikia; ziba zote kwa selotepu nyeusi au karatasi nene. Halafu kila siku saa 12 jioni funika mmea, saa 2 asubuhi funua. Hizo ni saa 14 za giza. Fanya hivyo kwa wiki sita mfululizo. Ukisahau siku moja usikate tamaa, endelea na uongeze siku chache mwishoni. Ukisahau siku tatu nne katika wiki, umejirudisha nyuma sana. Boksi likae kivulini, kwa sababu asubuhi jua likilipiga kabla hujalifunua, mmea unapikwa humo ndani. Ukitoka kazini umechelewa, mkabidhi kazi hiyo mtoto mmoja wa nyumbani, watoto huipenda na hawasahau.

Wakati nao ni wako. Joto kali la usiku huchelewesha maua ya kalankoe hata kama giza lipo, ni mmea wa milimani yule, kwa hiyo Januari na Februari za Dar si za kulazimisha. Kipupwe ndicho msimu wake. Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 19 hivi, na mchana wa Dar ni mfupi kuliko miezi mingine yote, saa 11 na dakika 40 na kitu, wakati Desemba unafika saa 12 na nusu. Tofauti ni ndogo kwa macho yetu, lakini kalankoe inaiona. Wenzetu wa Nairobi, walio karibu kabisa na Ikweta, usiku wao ni karibu ule ule mwaka mzima na hali ya hewa ni ya baridi, basi wao wakiepuka taa tu wanaweza kupata maua mwezi wowote. Sisi wa pwani tuifuate kipupwe. Sasa ni Mei: badilisha udongo wiki hii, uache mmea upone chini ya upenu usinyeshewe na mvua za mwisho za masika, kisha Juni mosi anza giza.

Mchana, kinyume chake, usiunyime mwanga. Shina limerefuka kwa sababu ya urea na kwa sababu baraza lako lina kivuli. Jua la asubuhi mpaka saa nne ni zuri sana. La adhuhuri litayapa majani kingo nyekundu. Huo si ugonjwa, ni kinga yake, lakini likizidi huunguza.

Hilo shina refu lipunguze siku hiyo hiyo ya kubadilisha udongo. Kata juu kidogo ya jozi ya pili ya majani kutoka chini. Kwenye kila pembe ya jani litachipuka tawi, na kila tawi lina ncha ya kubeba maua. Vikonyo vya maua yaliyokauka navyo vitoe. Usitupe ulichokata. Chukua ncha zenye urefu wa sentimita 6 hadi 8, ondoa majani ya chini, zilaze kivulini siku mbili mpaka jeraha likauke na kuwa kama ngozi, kisha zichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki mbili au tatu vuta taratibu, ikikukatalia imeshika mizizi. Moja mpe wifi.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, hivyo ni vidung'ata. Vifute kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila baada ya siku nne, na ufuatilie sisimizi wanakotoka kwa sababu wao ndio wanaovilinda. Unga mweupe juu ya majani wakati wa baridi na unyevu ni ubwiri unga: toa majani hayo, nafasi ya hewa iongezeke, maji yasiguse majani.

Sasa ile sababu ya kutoonja. Kalankoe ina sumu inayogusa moyo, na katika maua ni nyingi zaidi. Mbuzi na ng'ombe wamekufa kwa kula mimea ya jamii yake huko Afrika Kusini, na paka na mbwa nao huugua. Ukiwa na mtoto anayetambaa, chungu kikae juu ya kimo chake. Akitafuna, msafishe kinywa, mpeleke hospitali na uchukue jani mkononi ili daktari aone. Najua mitaani ndugu zake hutumiwa kama dawa, majani yakikamuliwa. Tafadhali usimpe mtu juisi ya hii.

Ukifuata hayo, katikati ya Julai anza kuchungulia kila asubuhi unapofunua boksi. Zamani pale kwenye ncha, kati ya majani mawili ya mwisho, kulikuwa na vijani viwili vidogo vimebanana kama mikono iliyoshikana. Siku moja utaona vimeachana, na katikati pana kishada cha chembe za kijani, ndogo kuliko punje za ulezi. Usiziguse. Endelea na giza wiki moja zaidi, mpaka kishada kiinuke juu ya majani na uweze kuhesabu chembe kwa macho bila kuinama. Kutoka hapo ncha zimeshaamua na hazirudi nyuma, hata chini ya taa. Boksi liweke stoo kwa ajili ya mwaka ujao, chungu kirudishe barazani, na kuelekea mwisho wa Agosti chembe za kwanza zitapasuka kuonyesha wekundu. Jioni moja, kabla hujafunga mlango, yatazame vizuri: maua ya kalankoe hujifunga usiku na kufunguka asubuhi. Hata ukiyakata na kuyaweka gizani yataendelea kufunguka na kujifunga kwa siku kadhaa.

Wifi mwambie aje Septemba.